Gwaride na Karatasi: Askari wa Poland Walipewa Nini Baada ya Ushindi?

Gwaride la ushindi lililopita London tarehe 8 Juni 1946 linatimiza miaka 80 mwaka huu wa 2026. Kila kumbukumbu ya aina hii inapowadia, habari ileile huanza kuzunguka mitandaoni: kwamba askari wa Poland, waliopigana vita nzima upande wa Uingereza, walifungiwa mlango siku ya sherehe na hawakuambulia kitu. Habari hiyo ina ukweli, lakini imekatwa vibaya. Mialiko ilikuwepo, ingawa ilikuwa michache na ilichelewa. Sheria ya kuwapokea ilikuwepo pia, tena yenye mambo mengi mazuri kuliko wanavyojua wengi wanaoisambaza habari hiyo. Dhuluma yenyewe ilifanyika kwingine, miezi kumi na moja kabla ya gwaride, siku ambayo Uingereza na Marekani zilihamisha utambuzi wao kutoka serikali moja ya Poland kwenda nyingine. Askari hudai haki zake kupitia dola yake. Dola ikifutwa, askari hubaki na majeraha yake na nishani zake, lakini hana mtu wa kumsemea mezani. Hilo ndilo lililowapata Wapolandi, na ndilo linalopotea tunapolitazama gwaride peke yake.

Tuanze na jeshi lenyewe, kwa sababu halikuwa jeshi la kawaida. Poland ilivamiwa na Ujerumani tarehe 1 Septemba 1939 na na Umoja wa Kisovieti tarehe 17 mwezi huohuo. Serikali yake ilikwenda Ufaransa, kisha Uingereza baada ya Ufaransa kuanguka mwaka 1940. Waliofuatana nayo ndio waliorusha ndege katika Vita vya Anga vya Uingereza: marubani 145 wa Poland walishiriki, na skwadroni namba 303, iliyoingia vitani siku ya mwisho ya Agosti 1940, ilihesabiwa kuwa imeangusha ndege 126 za adui. Wachambuzi wa baadaye, wakilinganisha na kumbukumbu za Wajerumani, wameipunguza idadi hiyo kwa kiasi kikubwa, kama walivyopunguza hesabu za karibu kila skwadroni ya wakati ule. Hata ukikubali punguzo lote, skwadroni hiyo inabaki miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi.

Kundi la pili lilitoka upande mwingine kabisa. Hawa walikuwa Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti kwenda Siberia, Kazakhstan na kambi za kaskazini mwaka 1940 na 1941. Ujerumani ilipoigeukia Urusi, serikali ya Poland iliyokuwa London ilifikia makubaliano na Moscow tarehe 30 Julai 1941, na Jenerali Władysław Anders akaruhusiwa kuunda jeshi kutoka kwa wafungwa hao. Mwaka 1942 watu wapatao 115,000, wanajeshi pamoja na wake, watoto na wazee, walivushwa kwenda Uajemi. Wanajeshi wakawa Kore ya Pili ya Poland, yaani jeshi la divisheni kadhaa, iliyopanda mlima wa Monte Cassino nchini Italia na kuichukua nyumba ya watawa iliyobomolewa tarehe 18 Mei 1944, baada ya kupoteza 923 waliouawa na wengine karibu 3,000 waliojeruhiwa. Kaskazini, Divisheni ya Kwanza ya Vifaru ya Jenerali Stanisław Maczek iliziba mwanya wa Falaise huko Normandy Agosti 1944, ikaukomboa mji wa Breda Uholanzi mwezi Oktoba, na ikamalizia vita Wilhelmshaven, bandari ya wanamaji wa Ujerumani. Vita ilipokwisha, Wapolandi waliokuwa chini ya amri ya Uingereza walikaribia 200,000, na idadi ikaendelea kupanda kadiri wafungwa wa vita walivyofunguliwa.

Sasa kumbuka wengi wa watu wa Anders walitoka wapi. Walitoka Lwów, Wilno na vijiji vya mashariki mwa Poland. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, Churchill, Roosevelt na Stalin walikubaliana kwamba ardhi hiyo ya mashariki ibaki mikononi mwa Wasovieti. Kwa hiyo askari aliyekuwa kwenye handaki Italia alipata habari, vita ikiendelea, kwamba kijiji chake si cha Poland tena. Anders alifikiria kuiondoa kore yake kwenye mstari wa mbele. Hakufanya hivyo, kwa kuwa hapakuwa na wa kuliziba pengo, na tarehe 21 Aprili 1945 watu wake waliingia Bologna. Churchill aliiona aibu ya jambo hili. Tarehe 27 Februari alisema bungeni kwamba anatumaini wale wasiotaka kurudi wataweza kupewa uraia na uhuru ndani ya himaya ya Uingereza. Yalikuwa maneno ya kiongozi aliyejua anadaiwa. Kisha tarehe 5 Julai 1945 Uingereza na Marekani zikaitambua serikali mpya ya Warsaw, iliyoungwa mkono na Moscow, na ile ya London ikawa, kisheria, kundi la watu binafsi wanaoishi ugenini.

Siku hiyo ndiyo siku ya kukumbukwa. Balozi wa serikali ya London alipoteza ubalozi. Hazina ikafungwa. Jeshi likabaki na silaha, sare, makamanda na mishahara iliyotoka Uingereza, lakini halikuwa tena jeshi la nchi yoyote inayotambulika. Kila kilichofuata, gwaride likiwamo, kilitokana na hapo.

Serikali ya Clement Attlee ilipopanga gwaride, ilituma mialiko kwa serikali za mataifa washirika. Kwa Poland, mwaliko ulikwenda Warsaw, ukiomba kikundi cha kubeba bendera. Wabunge, magazeti na wakubwa wa jeshi la anga walilalamika, na Churchill mwenyewe, sasa akiwa upande wa upinzani, alilisemea jambo hilo. Ndipo marubani 25 wa Poland waliopigana mwaka 1940 walipoalikwa kutembea ndani ya safu ya jeshi la anga la Uingereza, pamoja na wageni wengine. Inaelezwa kwamba dakika za mwisho Waziri wa Mambo ya Nje, Ernest Bevin, aliwapelekea mialiko pia wakuu wa majeshi ya Poland waliokuwa bado London. Wote walikataa. Marubani walisema hawatatembea ikiwa askari wa miguu, wa vifaru na mabaharia hawapo. Warsaw nayo haikutuma mtu, ikitaja mialiko hiyo ya upande wa pili kuwa sababu. Umoja wa Kisovieti na Yugoslavia hazikuja. Siku ilipofika, Ethiopia ilipita, Misri ikapita, Iraki, Uajemi, Nepal, Brazil na Mexico zikapita. Poland haikuwepo.

Wapo wanaoitetea Uingereza, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya itifaki: gwaride la mataifa huita mataifa, na taifa huwakilishwa na serikali yake inayotambulika. Ukimwalika Anders kama Poland, umeikana saini yako ya Julai 1945. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyokubalika kwa kawaida, hasa ukikumbuka kwamba Warsaw nayo ilikuwa na askari halisi. Jeshi la Poland lililoundwa upande wa Wasovieti lilipigana Lenino mwaka 1943 na liliingia Berlin mwaka 1945. Wengi wa askari wake walitoka katika uhamisho uleule wa Siberia. Tofauti yao na watu wa Anders ilikuwa kwamba hawakuwahi kufika kwenye meli za kwenda Uajemi. Kikosi chao kilitembea katika gwaride la Moscow tarehe 24 Juni 1945. Anayeandika kana kwamba Wapolandi wa Magharibi ndio Wapolandi pekee waliopigana anawafanyia wenzao kosa lilelile analolilaani.

Hoja ya pili ni ya kitaifa: Uingereza ilikuwa imechoka, ina deni kubwa, chakula kinagawiwa kwa kadi, na haikuwa na nguvu ya kumwondoa Stalin Warsaw. Hilo nalo ni kweli. Wanaodai kwamba London ingeweza kuiokoa Poland mwaka 1945 kwa kukataa kutia saini wanapaswa kueleza ingetumia jeshi gani.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi na wale wanaotaka kulifunga jalada: kwamba Wapolandi walialikwa, wakasusa, basi lawama ni yao. Tazama hesabu. Watu 25 kati ya zaidi ya 200,000 ni mtu mmoja kwa kila 8,000. Tazama pia mahali walipopangiwa. Rubani wa skwadroni ya 303 angetembea kama mgeni ndani ya safu ya jeshi la anga la Uingereza, maana yake angesherehekewa kama mtumishi wa Uingereza aliyezaliwa Poland. Aliyebeba mzinga Monte Cassino, baharia wa meli ya kivita Błyskawica aliyeulinda mji wa Cowes dhidi ya ndege za Wajerumani mwaka 1942, fundi wa kifaru aliyefika Wilhelmshaven, hawa wote hawakuwa na mahali. Mwaliko uliwachagua wale ambao umma wa London ulikuwa umeshawapenda, waliopigana juu ya paa za London, ukawaacha waliofia mbali. Kukataa kwa marubani kulikuwa uamuzi wa askari wanaojua maana ya kikosi. Kuligeuza kukataa huko kuwa kinga ya waliopanga orodha ni kumlaumu mgeni kwa kukataa kiti kimoja alipokuja na ukoo mzima.

Hata hivyo, ukimaliza kusema hayo yote kuhusu gwaride, bado hujagusa maisha ya askari aliyekuwa kambini Scotland au Italia akisubiri kujua atakula wapi mwaka unaofuata. Kwa huyo, tarehe muhimu zilikuwa nyingine. Machi 1946 kila askari alipewa waraka wa Bevin ulioandikwa Kipolandi, ukimhimiza arudi nyumbani kuijenga nchi yake. Mwezi Mei Bevin akatangaza Kikosi cha Makazi Mapya, na Machi 1947 Bunge likapitisha Sheria ya Makazi Mapya ya Wapolandi. Kwa pamoja, kikosi na sheria viliwahudumia zaidi ya watu 100,000 na familia zao, na ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kutunga sheria nzima kwa ajili ya kupokea kundi la wageni wengi kiasi hicho.

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu mazuri na mabaya yake yamefungwa humo. Askari alijiandikisha katika kikosi kwa mkataba wa miaka miwili. Hakikuwa kikosi cha kupigana. Hakikuwa na silaha, na kilikuwa chini ya jeshi la Uingereza. Aliishi katika kambi, mara nyingi vibanda vya mabati ya mviringo vilivyoachwa na majeshi mengine, akalipwa, akafundishwa Kiingereza na kazi ya mikono. Akipata ajira ya kiraia alihamishiwa akiba bila mshahara. Akiipoteza ndani ya muda wa mkataba aliweza kurudishwa kikosini. Hilo lilikuwa wazo zuri sana. Lilimpa mtu wavu wa kumdaka akianguka, na lilizuia makumi ya maelfu ya wanaume wasiojua lugha kumwagwa mitaani kwa siku moja. Sheria ya 1947 iliongeza malipo ya ulemavu kwa walioumia wakitumikia chini ya amri ya Uingereza, na kwa wajane, kwa mpango uliofuata ule wa Waingereza. Iliweka hosteli, hospitali, kamati ya elimu, na fedha za kuwasaidia waliotaka kuhamia nchi nyingine. Anayesema Uingereza haikutoa chochote hajaisoma.

Lakini kila mlango wa utaratibu huo ulikuwa na kizingiti, na Warsaw iliweka cha kwanza. Serikali ya huko ilichukulia kujiandikisha katika kikosi kile kuwa ni kuingia jeshi la nchi ya kigeni, na tarehe 26 Septemba 1946 ikamvua uraia Anders pamoja na maofisa wengine 75, Maczek akiwamo. Chombo kilichobuniwa kumwokoa askari kikawa ushahidi wa kumtia hatiani kwao.

Kizingiti cha pili kiliwekwa na vyama vya wafanyakazi vya Uingereza. Migodi ilikuwa ikilia kwa uhaba wa watu, lakini makubaliano yaliyofikiwa na chama cha wachimbaji Januari 1947 yaliweka masharti: Mpolandi aajiriwe pale ambapo hakuna Mwingereza wa kuichukua nafasi, na kazi zikipungua, yeye awe wa kwanza kuondoka. Matawi mengi ya mitaani yaliwakataa hata kwa masharti hayo. Baadhi ya wafanyakazi waliwaita mafashisti kwa sababu tu hawakutaka kurudi kwenye serikali ya kikomunisti. Ukiwafikiria watu waliopitia kambi za Siberia, kisha Monte Cassino, wakiitwa hivyo kwenye lango la mgodi, huwezi kulisoma hilo ukabaki umetulia.

Kizingiti cha tatu ndicho kilichoniongoza kwenye hoja ya makala haya, nacho ni cheo. Sheria ilimlipa aliyelemaa. Haikumlipa aliyekuwa mwanajeshi wa maisha. Pensheni ya utumishi hudaiwa kwa dola iliyokupa cheo, na dola iliyompa Maczek cheo chake ilikuwa haipo tena kisheria. Iliyochukua nafasi yake ilikuwa imemvua uraia. Uingereza ilisema, kwa mujibu wa vitabu vyake, kwamba hakuwahi kuwa ofisa wake. Matokeo yake, jenerali aliyekuwa na divisheni nzima ya vifaru chini yake alifanya kazi ya kuhudumia baa katika hoteli mjini Edinburgh. Hakuna ofisa mmoja wa kumnyooshea kidole. Kila ofisi ilifuata kanuni zake sawasawa, na kanuni zote zilipojumlishwa zikatoa sifuri. Maczek aliishi hadi mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 102, na alizikwa Breda kati ya askari wake. Edinburgh ilimwekea sanamu mwaka 2018.

Kisa cha Jenerali Stanisław Sosabowski ni kibaya zaidi, kwa sababu humo kulikuwa na kidole. Brigedi yake ya askari wa miavuli ilidondoshwa Driel, Uholanzi, Septemba 1944, katika operesheni ya Arnhem, siku kadhaa baada ya Waingereza na upande usiofaa wa mto Rhine. Alikuwa ameonya kabla kwamba mpango una kasoro. Operesheni iliposhindwa, Field Marshal Montgomery wa Uingereza aliandika mwezi Oktoba kwamba Wapolandi walipigana vibaya, Jenerali Browning akaandika mwezi Novemba akitaka Sosabowski aondolewe, na mwezi Desemba akaondolewa. Baada ya vita alifanya kazi ya kibarua kiwandani London hadi uzeeni, akafa mwaka 1967. Uholanzi ndiyo iliyosahihisha, tarehe 31 Mei 2006: Malkia Beatrix aliitunuku brigedi ile nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi yake, iliyopokewa na brigedi ya Kraków iliyorithi jina lake, na Sosabowski akapewa nishani ya Simba wa Shaba akiwa kaburini. Kati ya vita na nishani ilipita miaka 62. Maveterani wa Uingereza waliopigana Arnhem walikwisha kumjua mtu wao. Ndio waliomsimamishia mnara Driel.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa ukaribu, maana sehemu yake ilitokea kwetu. Wale wake, watoto na wazee waliovuka kwenda Uajemi pamoja na jeshi la Anders walisambazwa katika makoloni ya Uingereza, na karibu 20,000 kati yao waliletwa Afrika. Walikuwapo Tengeru karibu na Arusha, kambi kubwa ya watu wapatao 5,000, na pia Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda walikuwapo Koja na Nyabyeya karibu na Masindi, ambako kanisa walilolijenga bado lipo. Utambuzi ulipohamia Warsaw, watu hawa nao walibaki bila nchi. Na hapa karatasi ya askari ilionyesha uzito wake. Mwanamke wa Tengeru aliyekuwa na mume, mwana au baba katika Kikosi cha Makazi Mapya aliweza kupewa nafasi ya kwenda Uingereza kama mtegemezi. Aliyekuwa jirani yake, ambaye mume wake aliuawa Italia au alipotelea Siberia na hakuwa na ndugu mwingine kikosini, alisubiri mashirika ya wakimbizi yamtafutie pa kwenda, Australia, Kanada au kwingineko. Wote wawili walikuwa wametoa mwanamume. Aliyetoa aliye hai alipata meli mapema. Waliofia pale wamelala katika makaburi yapatayo 150 Tengeru, na yanatunzwa hadi leo.

Kuna na ulinganifu mwingine wa kwetu. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Uingereza la makoloni ya Afrika Mashariki), waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki na kuteremka bonde la Kabaw kwenye mvua za mwaka 1944 hadi Kalewa, walikuwa na wawakilishi katika gwaride lile la London. Vikosi vya makoloni vilipita mbele ya mfalme. Lakini waliporudi nyumbani walilipwa kiinua mgongo kwa viwango vilivyopangwa kwa rangi ya ngozi, na wengi hawakuwa na pensheni. Weka makundi mawili haya sambamba. Mpolandi hakutembea, lakini alipata sheria ya Bunge. Askari wa Keya alitembea, na hakupata sheria. Yeyote anayepima utambuzi kwa nani alikuwa barabarani siku ile atasema wa pili alitendewa vyema zaidi.

Mataifa mengine yalijaza pengo kidogo kidogo, kila moja kwa hesabu yake. Kanada iliwachukua zaidi ya 4,000 mwaka 1946 na 1947, lakini kwa mkataba wa kufanya kazi mashambani. Ilikuwa inahitaji vibarua. Marekani ilitenga viza 18,000 mwaka 1950 kwa waliokuwa askari wa Poland walioko Uingereza. Mwaka 1976 ilipitisha sheria iliyowaruhusu Wapolandi na Wacheki waliopigana upande wa washirika kutibiwa katika hospitali za maveterani, ilimradi wawe wamekuwa raia wa Marekani kwa angalau miaka 10. Aliyepigana Falaise akiwa na miaka 25 alikuwa na 57 sheria hiyo ilipopita. Sharti la miaka 10 linaonyesha tena mantiki ileile: alitibiwa kwa sababu alikuwa raia wa Marekani, na utumishi wake ulihesabiwa baada ya uraia kuthibitika.

Haya si ya makumbusho. Agosti 2021 dola ya Afghanistan ilianguka, na nyuma yake vikabaki vikosi maalumu viwili, 333 na 444, vilivyofunzwa na kulipwa na Uingereza. Askari wake wengi walipoomba kuhamia Uingereza walikataliwa, na mwaka 2024 serikali ikalazimika kutangaza mapitio ya maombi yapatayo 2,000. Swali lililowakwamisha ni lilelile la Maczek: ulikuwa ofisa wa nani? Kwa upande wa pili, tarehe 5 Mei 2025 askari wa Ukraine walitembea London katika maadhimisho ya miaka 80 ya ushindi, na walishangiliwa. Walitembea kwa sababu dola yao ipo. Nchi inayowatumia askari wa wengine leo inaweza kuandika mapema, vita ikiendelea, ni nani atakayelipa pensheni, ni cheo gani kitahesabiwa, na familia itapokewa wapi dola ya nyumbani ikianguka. Mwaka 1945 hakuna aliyekuwa ameandika. Ahadi ya Churchill ya Februari ilikuwa tumaini lililotamkwa bungeni, na ikachukua miaka miwili, serikali nyingine na malalamiko mengi kuwa sheria yenye nusu ya uzito wake.

Kwa familia, kazi bado inaendelea. Wapolandi waliotumikia chini ya amri ya Uingereza wana haki ya nyota za kampeni na Medali ya Vita, lakini medali hizo hazikutumwa zenyewe. Ilibidi kuziomba, na wengi waliokuwa na uchungu hawakuomba. Marian Rejewski, mwanahisabati aliyeivunja siri ya Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandika kwa siri, mwaka 1932 na baadaye kutumikia katika jeshi la Poland nchini Uingereza, alikufa mwaka 1980. Medali yake ya Vita ilikabidhiwa kwa binti yake mwaka 2005. Kinachokwamisha maombi mara nyingi ni jina. Makarani wa Kiingereza waliandika ł kama l, wakabadili Wojciech kuwa Albert, wakaacha alama za juu na chini ya herufi. Zaidi ya hapo, makumi ya maelfu ya vijana wa Silesia na Pomerania walilazimishwa kuingia jeshi la Ujerumani, wakatekwa au kutoroka, wakajiunga na Anders au Maczek kwa jina la bandia ili Wajerumani wasiwaadhibu wazazi wao. Baadhi walibaki na jina hilo maisha yote. Anayetafuta babu yake aanze na tarehe ya kuzaliwa na namba ya utumishi, kisha jina, na ajaribu majina yote mawili.

Na akikuta nishani ndani ya sanduku, aigeuze aone upande wa nyuma. Nyota zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa jina wala namba, kwa hiyo hazisemi zilikuwa za nani. Msalaba wa Monte Cassino, ambao Wapolandi walijitengenezea wenyewe Palestina mwaka 1944, karibu 50,000 kwa jumla, una namba nyuma, na kila namba iliandikwa pamoja na askari aliyeipokea.